Fildi ya Uluguru: kulifuata tope kutoka mlimani hadi Bwawa la Mindu

Jumapili: Dar es Salaam hadi Morogoro

Wengi walitaka twende kwa SGR. Tangu treni ile ianze kubeba abiria Juni 2024, Morogoro imekuwa jirani. Mtu anakwenda asubuhi na jioni yuko kwao Mbagala. Lakini treni haitaki masululu, mabeleshi, ndoo na gunia la makopo ya rangi yaliyokatwa matako. Tukapanda basi la chuo, mzigo ukarundikwa katikati ya njia, na anayetaka kushuka anaruka. Bumu lilikuwa limeingia Ijumaa, kwa hiyo hadi Kibaha kelele zilikuwa za watu wenye hela.

Sisi ni mwaka wa kwanza. Muhula mzima tumekaa ukumbini tukichora mishale: mvua inashuka, maji yanapenya, yanayobaki yanatiririka, udongo unahama, mashapo, yaani udongo uliobebwa na maji, yanatua. Fildi hii ya katikati ya masika ni ya kwenda kuiona hiyo mishale ikitembea yenyewe.

Tulipopita Mlandizi mhadhiri akamwambia dereva asimame kabla ya daraja la Ruvu. Mto ulikuwa umejaa, kahawia, unasukuma matete na chupa za plastiki. Akateremsha ndoo kwa kamba, akajaza chupa ya lita moja na nusu, akaandika saa na tarehe kwa kalamu ya wino mzito, akamkabidhi dada wa kiti cha mbele aipakate. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka mto huu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. "Mmeyanywa haya tangu mfike chuo," akasema. "Haya, niambieni tope hili limetoka shamba la nani."

Jibu lilitoka kwa pamoja, kama wimbo wa shule. Wakulima wa milimani. Wanalima kwenye vyanzo vya maji, wanakata miti, wanachoma moto. Hakubisha wala hakukubali. Akasema tuandike daftarini.

Tumefikia hosteli ya masista, chini kabisa ya mlima. Bondwa, kilele kinachoonekana kutoka mjini, kimejifunika wingu mpaka kwenye minara yake ya mawasiliano. Chupa ya Ruvu ilisimamishwa dirishani na tukaambiwa tusiiguse. Mchanga ulikuwa chini kabla hata ya kutafuta mahali pa kuchaji simu. Tulipomaliza kula wali maharage, juu ya mchanga kulikuwa na tabaka jingine laini zaidi, la vumbitope. Yaliyobaki juu bado ni kahawia vilevile, na yatabaki hivyo kwa siku kadhaa, maana mfinyanzi ni chembe ndogo mno, hauna haraka ya kutua. Ndiyo maana mitambo ya maji hutumia dawa ya kuzifanya chembe hizo zishikane zizame.

Jumatatu: Mto Morogoro

Mto Morogoro unashuka kutoka Uluguru, unakatiza mjini, unaingia Ngerengere, na Ngerengere nao unaishia Ruvu. Kwa hiyo tulikuwa tumepanda juu ya maji yale yale ya jana.

Mto haupimwi kwa macho. Kazi ya kwanza ni kunyoosha kamba ukingo hadi ukingo, kisha mtu anaingia na rula ndefu ya mbao, anapima kina kila baada ya nusu mita. Hapo ndipo raba nyeupe za baadhi ya watu zilipomaliza maisha yake. Upana na kina vinakupa eneo la mkato wa mto. Ukiongeza kasi unapata ujazo unaopita kila sekunde. Kwa kasi hatukuwa na mashine. Tulikuwa na machungwa.

Chungwa linafaa kuliko kijiti au kizibo kwa sababu karibu lote linazama, upepo haupati pa kulisukuma. Unalitupa juu kidogo ya alama ya kwanza, unabonyeza saa ya simu likipita, unabonyeza tena likifika alama ya pili, mita 10 chini. Jibu unalizidisha kwa 0.8 au karibu na hapo, maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe. Watoto waliokuwa wamefuatana na dada zao kufua walielewa mchezo huu haraka kuliko sisi. Walijipanga chini ya alama ya pili, na chungwa lililofika huko halikurudi. Mhadhiri alikuwa amelijua hilo. Alikuja na mfuko mzima.

Makundi mawili yalipima sehemu zisizotofautiana hata mita 50 na kupata majibu tofauti. Tukaanza kushutumiana, nani kalegeza kamba, nani kabonyeza saa kabla ya wakati. Kumbe kati yetu kulikuwa na mfereji wa bustani unaochota maji kupeleka kwenye mchicha, nasi sote tuliuruka bila kuutazama. Kazi ya mchana ikawa kuihesabu mifereji.

Kwenye maji mafupi mchanga unametameta. Jamaa mmoja akaanza kuota utajiri. Ulikuwa ulanga tu, yale madini yanayobanduka karatasi kwa karatasi, ambayo wakoloni waliyachimba katika milima hii. Uluguru si volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba ya kale mno, iliyopikwa chini sana ya ardhi kisha ikainuliwa kwenye mipasuko, sehemu ya Tao la Mashariki linaloanzia vilima vya Taita huko Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Punje ya ulanga unayoiokota nyuma ya soko imesafiri kutoka kule juu, na safari yake ndiyo tunayoitafuta.

Jioni tukasomewa kidogo habari za waliotutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Uppsala, Sweden, akiwemo Anders Rapp, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima mmomonyoko na mashapo kwenye bonde la mto huu huu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Kuna jambo moja ambalo kila anayepima tope mtoni hulikuta: mzigo mkubwa wa mwaka hupita katika saa chache za mvua kubwa. Kwa hiyo leo, na jua hili na watoto na machungwa, tulipima mto ukiwa umelala.

Jumanne: Morningside

Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Morningside iko 1,300 hivi, na njia inapanda bila huruma. Waliozoea ngazi za hosteli za Mabibo walijiona wana mapafu. Kufikia saa tatu wote tulikuwa tunaongea kwa ishara. Tulipishana na akina mama wakishuka na ndizi na mboga kichwani, wengine na mtoto mgongoni juu ya hapo. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, mnakwenda kupumzika wapi?" Nadhani alituonea huruma.

Kipimo cha mteremko tulikitengeneza wenyewe: protrakta ya kwenye mkebe, uzi, na jiwe dogo. Unaangalia kupitia ukingo wa protrakta hadi kwenye macho ya mwenzako wa urefu wako aliyesimama juu, uzi unakuonyesha nyuzi. Mashamba mengi ya mahindi na maharage yalivuka nyuzi 25, mengine 30. Kwa mwaka wa kwanza anayetoka Kigamboni, nyuzi 30 ni ukuta. Kuna shamba ambalo ukidondosha jembe unakwenda kuliokota kwa jirani.

Kazi kubwa ya leo ilikuwa ya makopo. Kopo la rangi lisilo na matako linapigwa nyundo juu ya kipande cha ubao mpaka liingie ardhini sentimita 5, unamimina maji hadi kwenye alama, unahesabu yanavyoshuka. Tulifanya hivyo sehemu tatu: kwenye njia ya miguu, shambani, na ndani ya msitu juu ya Morningside, ambao ni sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008.

Msituni maji hayakukaa. Unamimina, unageuka kuchukua kalamu, kopo limekauka. Chini ya majani makavu kuna mboji, chini ya mboji kuna mizizi, na vitundu vya minyoo na mchwa vilivyounganika kwenda chini. Hilo tulilitegemea. Njia ya miguu nayo ilifanya tulivyotegemea: maji yalisimama kwenye kopo yakatutazama. Tukala karanga, tukasimulia habari za mpira, maji bado yapo.

Shamba ndilo lililotuvuruga. Ardhi iliyotoka kupaliliwa ilikunywa vizuri sana, si kama msitu lakini mbali kabisa na njia. Yule mkulima tuliyemwandika daftarini Jumapili, ardhi yake inakunywa maji. Kisichokunywa ni njia tuliyopanda nayo, na barabara, na uwanja uliofagiliwa mbele ya nyumba, na paa la bati. Tukarudi kutazama njia kwa macho mengine: katikati ina mfereji, kuna mahali umefika gotini, na kila kwenye kona mfereji unamwagia maji yake kwenye shamba la mtu. Pale yanapoingilia ndipo shamba limechanika. Anayeangalia kutoka mbali anaona shamba bovu, haoni barabara iliyo juu yake.

Mhadhiri hakutuacha tufurahi muda mrefu. Ardhi iliyolegezwa kwa jembe inakunywa, ndiyo, lakini ikilemewa na mvua kubwa kuliko inavyoweza kumeza, yale yanayotiririka yanakuta udongo uko tayari kwa safari. Tena pigo la kwanza si la mtiririko, ni la tone lenyewe. Alituahidi tutaliona mvua ikinyesha.

Kabla ya kushuka tulichimba shimo kwenye ukingo wa shamba kwa ruhusa ya mwenyewe. Udongo mweusi wa juu ulikuwa mwembamba, kiganja kimoja na nusu. Chini yake mwekundu, mzito, usio na harufu, na chini zaidi jiwe lililooza ambalo bado lina sura ya jiwe lakini linakatika kwa kisu. Naomba msomaji aukumbuke huo wembamba wa kiganja na nusu. Utarudi Alhamisi na siasa zake.

Jumatano: mvua

Asubuhi tulikuwa ndani tukiingiza takwimu, kazi ambayo haina cha kusimulia.

Saa nane mchana mlima ukapotea. Kwanza Bondwa, halafu msitu, halafu mashamba, kisha ikatufikia. Tulipewa dakika za kuvaa makoti ya mvua na kukimbilia darajani, tukiwa na sharti moja: hakuna anayekanyaga maji. Mvua ilipiga chini ya saa moja. Mto haukupanda papo hapo. Ulikaa, ukaanza kubadilika rangi pembeni, kisha yakaja maji mazito yenye povu, majani, kandambili moja, na sauti ya mawe yanayogongana chini ambayo hukuisikia Jumatatu. Tulitupa machungwa kutoka ukingoni. Matatu hatukuyaona tena hata kwa sekunde moja. La nne lilipita alama zote mbili kabla aliyeshika simu hajamaliza kusema "tayari".

Kina tulikisoma kwenye nguzo ya daraja, ambako mtu alikuwa amechora mistari kwa chaki Jumatatu. Chaki ilifutika mstari baada ya mstari. Tulichota chupa kila baada ya dakika kumi. Hizo chupa sasa ziko dirishani kwa mpangilio, na zinaonyesha kitu ambacho kwenye grafu ya ukumbini sikukielewa: iliyo chafu kuliko zote si ile ya wakati mto umejaa kabisa, ni ile ya kabla yake kidogo, maji yakiwa bado yanapanda. Mvua ya mwanzo ndiyo inayofagia uchafu uliokwisha kulegea. Inayofuata inakuta pamefagiliwa.

Mvua ilipokata tulipelekwa kwenye kishamba kitupu kando ya barabara, tukapiga magoti. Juu ya udongo kulikuwa na mamia ya vijiwe, kila kimoja kimekaa juu ya kinguzo chake cha udongo, kirefu kama kiungo cha kidole, mfano wa uyoga uliopandwa kwa vipimo. Kila kijiwe kilikuwa kimekinga udongo wa chini yake. Pembeni yake matone yamepiga, yamerusha chembe, chembe zimeondoka. Urefu wa kinguzo ni kipimo cha kilichopotea. Majani ya mgomba yaliyoachwa chini na mwenye shamba yalikuwa yamefanya kazi ile ile kwa eneo kubwa: ukiyainua, udongo wa chini yake uko juu kuliko wa pembeni. Hapo ndipo nilipolielewa neno matandazo, ambalo tangu darasa la sita nilikuwa nalijibia mtihani tu.

Alhamisi: Mgeta

Basi lilitufikisha Mlali. Toka hapo tukapanda Land Cruiser mbili za kukodi na barabara ikaanza kujikunja. Kila kona hewa inapoa. Tulipofika Nyandira watu waliovaa singlendi walikuwa wanauliza bei ya sweta za mitumba. Huku ni kabichi, karoti, njegere, viazi, na mapichi. Magunia yanashuka kwenda Morogoro na Dar es Salaam. Mashamba yanapanda mpaka mahali ambapo unadhani kuna mtu aliyeyatundika.

Mhadhiri alitusimamisha kwenye mgongo wa kilima akatuambia tuhesabu makovu. Mwanzoni hatukuona kitu. Kisha jicho likazoea: mashimo yenye umbo la kijiko kwenye miteremko, yameota majani zamani, mengine yamelimwa ndani yake. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha hapa mvua ya milimita 100 na ushee kwa muda usiofika saa 3. Ardhi iliporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Si mlima mmoja ulioanguka. Ni vipande vidogo vidogo, vingi visivyozidi kina cha mita moja au mbili, kila kimoja kikiteleza juu ya mwamba na kumwaga mzigo wake mtoni. Rapp na mwenzake Paul Temple walivichora kwenye ramani na kukuta karibu vyote vilianzia kwenye mashamba na kwenye miteremko ya majani. Msituni vilikuwa vya kuhesabika tu.

Hapo ndipo somo la Jumanne liliposimama kichwa chini. Siku nzima tulikuwa tumesifia ardhi inayokunywa. Maporomoko haya yalisababishwa na ardhi iliyokunywa mno. Maji yakiingia kwa kasi na kukuta mwamba chini, yanajaa kwenye udongo, yanaupa uzito na kuziachanisha chembe zake, na kwenye mteremko wa nyuzi 30 na kitu hakuna kinachouzuia isipokuwa mizizi inayofika hadi kwenye mwamba. Mizizi ya mti inafika. Ya mahindi haifiki. Maji yakikataa kupenya yanakwangua udongo kutoka juu. Yakipenya kupita kiasi yanaubomoa kutoka chini. Mwenzangu wa kundi aliuliza sasa mkulima afanye lipi, na mhadhiri akajibu kwamba swali hilo lilishawahi kujibiwa kwa amri.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Hofu yao ilikuwa hii hii ya kwetu ya Jumapili: Waluguru wanaharibu mlima, mito itakauka. Dawa ikawa matuta ya ngazi, kila kaya ichimbe, asiyechimba atozwe faini. Ukitaka kuchimba ngazi kwenye mteremko mkali inabidi ukate upande wa juu na kujaza upande wa chini. Sasa rudi kwenye kiganja na nusu. Palipo na udongo mweusi mwembamba kiasi kile, ngazi inaufukia ule mweusi na kuuweka juu ule mwekundu usio na rutuba. Watu walivunjika migongo kuchimba, akina mama hasa, kisha wakapanda na mahindi yakatoka ya njano. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, upande wa mashariki wa mlima, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na muda si mrefu mpango ukaachwa. TANU, iliyozaliwa mwaka mmoja tu kabla, haikulazimika kuhubiri sana Uluguru.

Kinachoniudhi katika kisa hiki, kuliko hata faini, ni kwamba shimo moja lingetosha. Sisi wa mwaka wa kwanza, na sululu butu, tulilichimba kwa dakika arobaini.

Na huku Mgeta ngazi zipo mpaka leo, tulisimama juu yake. Hapa kuna mboga zinazolipa, maji ya mifereji, na samadi ya kurudisha rutuba, kwa hiyo jasho la kuchimba linarudi na hela. Babu mmoja aliyekuwa anasafisha mfereji wake alitueleza kwamba ngazi bila samadi ni kaburi. Vilevile alituonyesha namna ya zamani zaidi: magugu yanapangwa kwa mstari kukata mteremko, yanafunikwa kwa udongo unaovutwa kutoka juu, yanaoza humo humo, na msimu ujao unapanda juu ya yaliyooza. Ngazi ndogo, laini, zinazohama kila msimu. Hazichimbui wekundu. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wanazipita kila siku wakienda kuwafundisha watu kuhifadhi udongo.

Ijumaa: Mgeta, nusu siku

Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kuvaa soksi mikononi. Tulifinyanga udongo: unaulowesha, unauviringisha, unausukuma kwa dole gumba utoke utepe. Wa bondeni ulitoa utepe mrefu, wa mgongoni ulikatika haraka. Tukajaza fomu.

Kisha mahojiano mafupi na wenye mashamba. Swali letu lilikuwa kwa nini hawapandi miti kwenye kingo, na tulilibeba kama watu wanaojua jibu. Dada mmoja mwenye shamba la karoti alisema hapo si pake, amekodi kwa msimu. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo na hufuata upande wa mama. Aliyekodi akipanda mti anaonekana anaweka kigingi. Karoti inang'olewa baada ya miezi mitatu na hakuna ugomvi. Katika fomu yetu hakukuwa na kisanduku cha jibu hilo, akaliandika pembeni aliyeshika kalamu. Mimi ningeanza upya fomu nzima, lakini gari lilikuwa linapiga honi.

Kwenye gari ramani ilizua ubishi. Wote tulikuwa tumedhani tope la Mgeta ndilo linalojaza Bwawa la Mindu, kwa sababu ndiko tunakokwenda kesho. Ramani inakataa. Mto Mgeta unauzunguka mlima kwa kusini, unaingia Ruvu bila kuiona Morogoro mjini. Mindu inapokea Ngerengere na vijito vya miteremko iliyo karibu yake, vikiwemo vya Mlali. Mlima ni mmoja, mito imegawana mizigo, na ratiba ya fildi si bonde la mto.

Jumamosi: Mindu

Bwawa liko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Iringa, na ndilo chanzo kikubwa cha maji ya Morogoro. Lilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 likakamilika miaka ya 1980, na tangu siku ya kwanza limekuwa likipokea mzigo. Mto ukiingia kwenye maji yaliyotulia unapoteza kasi, na unashusha kwa mpangilio ule ule wa chupa ya dirishani: mchanga kwenye mdomo, vumbitope mbele kidogo, mfinyanzi unakwenda hadi ukutani. Tulitembea kwenye mdomo wa mto na kubonyeza mti wa mwanzi. Karibu na ufukwe ulizama hadi kiwiko na kugota mchanga. Hatua ishirini mbele, mwanzi mzima ulikwenda chini na kutoka ukiwa umefunikwa tope jeusi linalonuka yai bovu, dalili kwamba huko chini majani yanaoza bila hewa.

Udongo huo ni mzuri kupita kiasi, na watu wanajua. Maji yakirudi nyuma kiangazi, tope linabaki na unyevu na rutuba iliyoletwa bure, na mahindi na mboga vinapandwa kufuata maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa. Zoezi la mwisho lilikuwa kuziweka hizo mita 60 ardhini kwa futi kamba na vigingi, kisha kuandika kilichomo ndani yake.

Futi ilikuwa mikononi mwangu, na sikujua pa kuweka sifuri. Leo ni masika, maji yamepanda, yamefunika majani. Ukianzia hapa, mstari wa mita 60 unakwenda mpaka nyuma ya nyumba mbili za matofali na shamba la mihogo. Ukianzia alama ya kiangazi, ambayo inajulikana kwa mstari wa taka na visiki ndani kabisa ya maji, nyumba zote ziko nje na mihogo iko nje. Kundi letu likagawanyika. Waliosema maji ya juu walikuwa na hoja: mafuriko ndiyo yanayobeba mbolea na dawa za mashambani kuziingiza bwawani. Waliosema maji ya chini walikuwa na hoja pia, kwamba mtu aliyejenga Septemba alipima kwa macho akaona yuko mbali. Mmoja akapendekeza tuchukue katikati, akazomewa na pande zote mbili.

Mhadhiri alikuja, akatazama vigingi mkononi mwetu, akasema tuchomeke mistari yote miwili na kuhesabu kila kitu kilicho kati yake: nyumba, matuta, mashimo ya mchanga, mabomba ya kumwagilia. Ripoti iwe juu ya ule ukanda wa katikati, iwasilishwe baada ya wiki mbili, kurasa 12, na takwimu za mto ziwe kwenye kiambatisho. Dada aliyepakata chupa ya Ruvu ndiye aliyeteuliwa kuandika sehemu ya mashapo. Mimi nimepewa mabomba ya kumwagilia, na mpaka tunapanda basi nilikuwa nimefika la kumi na saba, lingine likiwa limefukiwa nusu kwenye tope hivi kwamba sikuweza kuamua liko upande gani wa mstari.